Muntu Anayefunga Njia ya Kabambare

Sitaapa. Hapa Kindu nimeona wanaoapa sana njo wanaodanganya sana, kwa hiyo mimi nitaeleza tu, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wa jirani. Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa vita. Mara ya pili ni juzi juzi, mchana, na watu wengine walikuwapo. Ukimaliza kusoma ukasema mzee huyu alikuwa na malaria, sawa, hata mimi nimejiambia hivyo miaka mingi. Lakini malaria inapona.

Wakati ule vita vilikuwa vimeushika mji. Gari la moshi lilikuwa limelala. Kwenda shambani ilikuwa kama kwenda kujitoa mwenyewe, basi tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, bila chumvi. Mke wangu Zaituni alikuwa na mimba. Nyingine mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, ya mwisho tukiwa tumelala porini tunakimbia risasi. Zaituni alikuwa na dada yake Kigoma, kule Tanzania, ng'ambo ya ziwa. Siku moja akaniambia, "Baba, hii ya sasa haitaharibikia porini. Unipeleke pahali kuko kimya." Hilo njo lilikuwa jambo letu lote: Zaituni afike nje ya nchi kabla ya kuzaa, na mimi nikiwa naye.

Lakini kwa njia gani? Kaka yake Zaituni, shemeji yangu Ramazani, alikuwa msukuma kinga, yaani baiskeli ya kupakia mizigo. Alikuwa anapeleka chumvi na sabuni vijijini. Yeye alitaka tushike njia ya Lubutu, tufike Kisangani, kisha tupenye mpaka Uganda, kwa sababu alikuwa na marafiki kule. Mimi nilitaka Kasongo, halafu Kabambare, halafu ziwa. Tulibishana mpaka majirani wakajua. Leo namuunga mkono, kesho naogopa nageuka. Ramazani akachoka nami. "Shemeji," aliniambia, "weye hata ukiulizwa chai ao kahawa unaomba ruhusa ukalale kwanza." Alisema kweli. Mimi si mtu wa kuchagua haraka.

Kwetu njia huulizwa. Karte, ile ramani ya karatasi, haitakuambia daraja gani limeanguka wala nani analala kwenye kizuizi. Unakwenda kivukoni, unawangoja wasukuma kinga wanaotoka upande ule, unawapa maji ya kunywa, unauliza: njia iko namna gani? Tulifanya hivyo. Waliotoka Lubutu walisema ya Lubutu ni nzuri. Waliotoka Kasongo walisema ya Kasongo njo nzuri, ile nyingine ni kifo. Kila mtu alisifu njia iliyomleta akiwa mzima. Zaituni, aliyekuwa ameketi pembeni akisikiliza, njo aliona kasoro.

"Hawa wote walifika," alisema. "Asiyefika, nani atamuuliza?"

Mwishowe tulichagua Kasongo, kwa sababu Kigoma kulikuwa na dada, na Uganda kulikuwa tu na marafiki wa Ramazani ambao hata majina yao alikuwa anayachanganya.

Hapa nieleze kitu kimoja kwa msomaji asiyewahi kusafiri kwa miguu. Kwetu, aliye mbele akifika njia panda anavunja tawi bichi, analilaza kwenye njia ambayo hakuipita. Maana yake: huku hapana, sisi tumepita kule. Wa nyuma akiliona anafuata njia iliyo wazi. Hakuna anayelichezea tawi hilo, hata mwizi. Mtu wa kuhamisha tawi tunamuona sawa na mtu wa kutia sumu kisimani.

Tulivuka mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, tukaanza. Zaituni akichoka tulimkalisha kwenye kinga, sisi tukasukuma. Kasongo tulipita salama. Baada ya Kasongo, kuelekea Kabambare, vijiji vilikuwa vitupu, milango wazi, majivu ya baridi mekoni. Na huko njo tukaanza kukuta matawi. Kila njia panda, tawi. Si tawi la jana, maana utomvu ulikuwa bado unatoka pale lilipovunjwa. Ramazani alifurahi sana. Akasema mbele yetu kuna mtu wa adabu, tukaze miguu tumfikie, tutembee wengi. Tulikaza. Hatukumfikia.

Niamini au usiniamini, tope mbele yetu halikuwa na alama ya mguu wala ya gurudumu. Mimi niliona. Zaituni pia aliona, kwa sababu tulitazamana. Tukaendelea kusukuma. Wewe ungefanya nini? Matawi yalikuwa yanatuongoza vizuri. Mara moja tulisikia bunduki zikilia upande ule uliofungwa, na sisi tuko upande wa pili tunapumua. Lazima nimpe haki yake yule aliyekuwa mbele: mpaka hapo alikuwa ametuokoa.

Jua lilikuwa limeshazama tulipofika njia panda nyingine. Kushoto palikuwa na njia nyembamba inayoingia msituni, imefunikwa juu kama shimo. Kulia palikuwa na barabara ya zamani ya magari, pana, inaonekana mbali. Katikati alisimama mwanaume na kinga yake. Kinga imepakiwa mizigo, fimbo imefungwa kwenye usukani kama wasukuma wanavyofanya. Mkononi alishika tawi. Alikuwa hajalilaza.

Nilimsalimia, akaitikia salamu vizuri, polepole. Nikikuambia niliuona uso wake nitakuwa nadanganya. Uso ulikuwapo, lakini kila nikitaka kuushika kwa macho ulinikimbia, kama jina la mtu unayemjua ambalo linakataa kuja. Nguo zake zilikuwa na vumbi. Sisi mvua ilikuwa imetulowesha tangu mchana, yeye alikuwa na vumbi.

Sikumuuliza kitu, lakini alianza kunieleza. Alisema alikuwa ametangulia, na mke wake anakuja nyuma na watu wa kijiji. Alifika hapa akafunga njia moja. Alipokwenda kidogo akasikia bunduki kwenye ile aliyoiacha wazi, akarudi mbio kuja kugeuza tawi. Akaliinua.

"Nilikuwa nimelishika hivi," alisema. Kisha akasimama kama aliyepoteza uzi. "Halafu sijui. Yeye alikuta njia zote wazi, ndugu yangu. Akachagua peke yake."

Nilitaka kumpa pole. Ramazani alikuwa ameinama anarudisha mnyororo wa kinga, hakuwa hata anatutazama, na mimi nilikasirika moyoni kwamba hana adabu. Zaituni alikuwa nyuma yangu. Mwanaume akainua tawi kidogo akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia kweli:

"Weye unaogopa njia gani?"

Zaituni alinivuta shati. Akasema chini chini, "Usimujibu." Lakini mimi nimelelewa kwamba ukiulizwa unajibu, tena unajibu kweli. Niliutazama ule msitu wa kushoto, giza lake, nikafikiria mwanamke mwenye mimba mle ndani. Nikasema, "Ile ya kushoto."

"Aksanti," alisema. Akainama, akalilaza tawi mwanzoni mwa njia ya kushoto, akalinyoosha vizuri kwa kiganja. Nilipogeuka kumwonyesha Zaituni, na nilipogeuka tena, hakukuwa na mtu wala kinga.

Hata kabla sijasema neno tulisikia mbio. Watu walikuja wakitoka kwenye barabara ya kulia, akina mama na sufuria kichwani, wazee wanavutwa mikono, wakisema turudi, wanakuja, wanaua. Bunduki zikaanza nyuma yao. Njia ya kujificha ilikuwa moja tu, ya kushoto. Ramazani aliiacha kinga na mzigo wote, akamshika dada yake mkono, wakaruka lile tawi pamoja na wale watu. Mimi nilikuwa nyuma yao. Nilikimbia mpaka kwenye tawi.

Hapo miguu ilisimama.

Usidhani ni hofu. Hofu naijua, hofu ina moyo unaopiga na jasho. Hii ilikuwa kama kufika ukutani. Watu walinipita huku na huku, mtoto alinigonga goti, kila mtu akaruka, na mimi nimesimama. Nikataka kuinama nilitupe lile tawi. Mkono haukushuka. Kule ndani, karibu na pale giza linapoanza, Zaituni aligeuka akanitafuta.

"Baba, kuja," alisema.

"Nakuja," nilisema.

Ramazani akamvuta, msitu ukawachukua. Nakuja. Hilo ni neno la mwisho nililomwambia mke wangu tukitazamana.

Nilijitupa kwenye nyasi za kando, wenye bunduki wakapita bila kunikanyaga. Asubuhi tawi lilikuwa palepale, bichi. Nilijaribu tena. Nilijaribu kwa kutambaa, nilijaribu kinyumenyume, nililia pale kama mtoto. Kisha nikajaribu kugeuka kurudi nilikotoka, na mwili ukaenda bila shida yoyote. Basi nikarudi Kindu.

Habari ilichelewa sana. Mchuuzi mmoja wa samaki njo alileta: Zaituni alivuka ziwa, alifika kwa dada yake, amezaa msichana mzima, wamemwita Mwamini. Siku hiyo nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na watu wa avenyu, mtaa wetu, wakaogopa.

Vita vilipopoa nilijaribu njia nyingine. Nilishika njia ya Kalima, nifike Bukavu, nizunguke. Njia panda moja huko, tawi bichi, na miguu ikasimama. Nikajaribu upande wa Lubutu. Hapo nisimsingizie yule mtu: inawezekana lile lilikuwa tawi lililoangushwa na upepo. Sikumuona mtu wala sikusikia sauti. Lakini mwili haukupita. Nikamtumia Zaituni maneno kwamba yeye ni kijana, aolewe, mimi nimempa ruhusa mbele ya Mungu. Jibu lake lilifika kwa mdomo wa yule yule mchuuzi, tena akalisema kwa aibu: "Anasema yeye anakungoja, na usimuletee upuuzi."

Telefone zilipokuja tukaanza kusikiana. Nilimuuliza Ramazani anakumbuka nini. Ni haki niandike na yake pia. Alisema pale hapakuwa na muntu. Alisema alikuwa anarudisha mnyororo, akasikia mimi naongea peke yangu, akainua kichwa akaniona nimeinama. "Lile tawi ni weye uliliweka, shemeji," alisema. "Niliona mikono yako." Nilimuuliza Zaituni kama ni kweli. Alisema, "Nilikuambia usimujibu." Zaidi ya hapo hakutaka kusema, hata leo.

Sasa nije kwa mambo ya juzi.

Zaituni aliugua tansio, presha ya damu, upande mmoja wa mwili ukalala. Mwamini sasa ni mwanamke mkubwa. Alikodi gari na shofere wa kuliendesha, wakavuka ziwa, wakapita Baraka na Kabambare, wakafika Kindu bila kizuizi chochote. Alishuka mbele ya nyumba yangu na miguu ya mama yake, mwendo uleule. Anaongea Kiswahili cha Kigoma kilichonyooka. Alinipigia magoti, akasema mama amemtuma, mama anataka kuniona kabla.

Hakusema kabla ya nini.

Usiku ule alitandaza karte mezani, kubwa, ya nchi zote. Alifurahi kama mtu anayepanga harusi. Alisema tuna njia tatu za kufika Kigoma. Ya Kabambare aliyokuja nayo. Ya Bukavu, tupite Rwanda, tuingie Tanzania kwa juu. Na ya kusini, ndefu kupita zote, Lubumbashi, halafu Zambia nzima, halafu Tunduma, tuone ulimwengu. Akaniwekea kidole changu juu ya karatasi.

"Chagua, Baba."

Niliutoa mkono kama uliochomwa. Nikamweleza yote haya ninayokueleza wewe. Alisikiliza kwa heshima. Nilimwambia ajihadhari na mtu mwenye kinga na tawi. Hakunicheka. Alifikiri, akasema basi asichague Baba, na Baba asione njia panda hata moja. Tutakulaza nyuma ya gari, tukufunike mkeka na blangeti, ukifunuliwa uko Kigoma. Shofere akasikia akasema ni shauri zuri, maiti hawaulizwi njia. Mimi mwenyewe nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi nadhani iko njia.

Walinifunga mkeka kama maiti, nikaacha nafasi ndogo ya pua. Sikujua wamechagua wapi. Nilisikia kivuko, nikasikia vumbi, nikasikia wauza ndizi. Tulilala mahali, wakanifungua nikale ndani ya nyumba, wakanifunga tena. Mwamini alikuwa ananieleza habari za mama yake: anapenda kukaa mlangoni, anamgombeza Ramazani kwa kuvuta tumbaku. Moyo wangu ulikuwa mwepesi. Kwa nini nisikuambie? Nilikuwa nimeshaanza kutafuta neno la kumwambia Zaituni nikiingia mlangoni.

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, gari likapunguza mwendo, likasimama. Kioo kikashushwa. Nikasikia salamu.

Ile sauti, polepole.

Mwamini aliitikia. Amelelewa vizuri, mtu akimsalimia hawezi kunyamaza. Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikafikiri: nikipiga kelele si nitakuwa nimemjibu? Nikauma mkeka kwa meno. Wewe nihukumu, mimi mpaka leo sijui kama nilifanya vema.

Sauti iliuliza wamebeba nani.

"Baba yangu," alisema Mwamini.

"Amekufa?"

Mtoto yule ametoka kwetu sisi wawili, uongo haumkai mdomoni. "Hapana," alisema. "Ni njia tu anaogopa."

"Pole yake. Anaogopa njia gani?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la gari. Nilimsikia binti yangu akivuta pumzi, na nilisikia alivyonihurumia.

"Zote," alisema.

"Aksanti."

Gari lilipoondoka pumzi yangu ilibaki pale. Wanasema pale palikuwa njia panda; shofere alishika barabara ya kulia kwanza, Mwamini akaniita, sikuitika; akafungua mkeka akanikuta baridi, macho wazi. Shofere alinishika mshipa wa mkono hakuona kitu. Wakarudi nyuma mpaka pale, wakaingia kushoto, ikawa mbaya zaidi. Walipogeuza gari kuelekea Kasongo nikakohoa. Mwamini analia, shofere anasoma dua aliyoikosea mwanzo na mwisho. Nilimuuliza binti yangu yule mtu alikuwa namna gani. Alisema ni mkulima kijana, mikono mitupu, anatabasamu, alidhani anaomba lifti. Kinga hakuwa nayo, tawi hakuwa nalo. Inawezekana. Inawezekana alikuwa mkulima, na mimi nina ugonjwa ambao daktari angeupa jina. Nimeliandika hilo ili nisimwonee mtu.

Mwamini alinirudisha Kindu. Alikaa nami kidogo, akanifulia, akapaka nyumba chokaa. Alitaka kubaki. Nilimwambia mama yake ana mlango wa kukalia na hana wa kumkalisha. Akaondoka, akapita palepale, akafika salama.

Tangu siku ile sipiti kona. Nyumba yangu, msikiti, na mahali ninapoziba matairi viko kwenye avenyu moja iliyonyooka, na hiyo njo dunia yangu. Nikifika penye njia mbili, hata zile za katikati ya vibanda vya soko, mwili unasimama, na watu wanadhani mzee anatafakari.

Zaituni yuko hai bado. Kila Ijumaa Mwamini anamwekea telefone sikioni. Upande mmoja wa mdomo hausemi vizuri, lakini ninamwelewa. Ananiuliza nimekula nini. Zamani aliniuliza nitakuja kwa njia gani. Siku hizi hilo haulizi, na mimi silisemi.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari ndefu, unayekaa na karte yako na watu wako mezani, uliza waliofika, uliza hata wajinga, chagua, na ukichagua vibaya iwe ni kwa kichwa chako. Lakini akitokea mtu njia panda, hata awe kijana, hata awe anatabasamu, akataka kujua unaogopa wapi, usimpe kweli wala uongo. Nyamaza upite. Na kabla hamjaondoka nyumbani, mshikishe neno hili na yule atakayekaa kando yako, hasa kama anakupenda.